Maua ya Shaba Bustanini kwa Mwadi

Jumanne, 1 Aprili 2025

Nimeng'oa magugu tangu chai mpaka jua lilipoanza kuniuma shingoni. Kwa vidole, si kwa jembe. Jembe halijui kuchagua – linakata gugu na mboga changa ya lengalenga pamoja, halafu mtu anabaki na tuta safi na chungu kitupu. Marehemu mke wangu Mwadi alimfundisha hivyo kila mtu aliyepita hapa, na mimi nikisikiliza kutoka mlangoni, redio mapajani, shati jeupe, viatu vimepigwa kiwi. Karani wa reli hachafui kucha. Leo kucha zangu ni nyeusi mpaka ndani na sina haraka ya kuziosha.

Mgongo unauma. Lakini ni maumivu mazuri, siyo yale ya kukaa kwenye kiti.

Mama Josée, jirani, akachungulia juu ya ukuta. Aliuliza kama siku hizi wanaume wa reli ndio wanaopanda mboga za wanawake. Nikamwambia wanaume wa reli wanakula pia. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema mwaka wa pili sasa tangu Mwadi afariki, bora nitafute mke kuliko kutafuta magugu. Nimempa fungu la lengalenga ili anyamaze. Hakunyamaza, ila alikwenda kupika.

Alhamisi, 3 Aprili

Sephora amechuma mapema, amejaza beseni, amekwenda nalo soko la Kikula. Sephora ni mke wa mwanangu Michée. Wanaishi nami, wao na watoto, vyumba vya nyuma. Tangu mgodi aliokuwa akichimba Michée ufungiwe wachimbaji wadogo, beseni hilo ndilo linalotulisha sote. Hatulisemi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwetu watu wa Kasai, baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Sephora si Mluba, amezaliwa hapahapa Likasi, huko Kikula, tena wa kanisa la ngoma na kipaza sauti, lakini heshima hiyo ameishika kuliko dada zangu wenyewe. Ndani ya nyumba hatuna maneno. Anapiga magoti, anaweka sahani, anatoka. Bustanini ni habari nyingine. Yeye anachuma tuta lile, mimi napalilia hili, tumepeana mgongo – na tunaongea kama watu! Leo aliniambia: "Papa, nyanya ya pa mwisho iko inagonjwa. Mama alikuwa anaitiaka majivu." Nikasema nimesahau. Akasema ameshaitia, jana, nilipokuwa nimelala mchana.

Sijui sura yake vizuri, ukweli. Visigino vyake ningevitambua popote.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya posho. Bado naiita hivyo, ingawa posho yenyewe iliisha zamani. Nilipokuwa mtoto, Jumamosi baba alirudi na unga, mafuta ya mawese na samaki wakavu, vyote vimepimwa kwa wingi wa watoto. Tulikuwa wengi, tulikuwa matajiri. Baba aliletwa kutoka Kasai kijana kabisa, kuja kutoa shaba, na hakurudi tena isipokuwa kwa mazishi.

Mara moja kwa mwaka mkubwa wa kampuni ya shaba alipita kambini kwetu kukagua bustani za wake wa wafanyakazi. Iliyoshinda ilipewa zawadi. Mwaka mmoja mama alishinda. Blanketi jekundu. Tulikatazwa kulitumia! Lilikaa juu ya sanduku, limekunjwa, ili wageni waulize. Namkumbuka asubuhi ya ukaguzi, anafuta majani ya kabichi kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, kama anafuta pua za watoto. Sisi tulisimama pembeni tumepakwa mafuta, tumekatazwa kupumua karibu na matuta.

Siku hizi hakuna anayekagua. Hata hivyo leo nimenyoosha matuta yangu kwa kamba.

Jumanne, 8 Aprili

Kwenye kona ya ukuta, pale ambapo lengalenga kila mwaka inatoka njano na kudumaa, pameota kitu ambacho sikupanda. Shina fupi, majani membamba, vichwa vya maua ya zambarau iliyopauka. Si kimoja – vinafika kama kumi. Nilikwisha kushika kimoja ili nikivute. Nikakiachia.

Mwadi hakupanda maua. Ukimwambia maua, anauliza yanapikwa na nini. Lakini kuna mwaka maboga yalichanua kupita kiasi, akachomeka ua moja la boga kwenye kilemba akaenda nalo sokoni. Nilipishana naye barabarani nikampita bila kumtambua. Mke wangu! Alinitania kwa hilo mpaka wajukuu walipozaliwa.

Nimepalilia kuzunguka maua yale, nimeyapa maji. Yametulia pale, hayanidai kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Viwavi kwenye kabichi. Nimewaponda kwa vidole, mmoja mmoja, nikiwatukana kwa Kiluba kama alivyokuwa akifanya Mwadi. Majivu juu. Maji jioni. Sina jingine la kuandika, siku ilikuwa nzuri.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilinawa kwa sabuni, nikarudia. Lakini kanisani, nilipofanya ishara ya msalaba, vidole vikapita puani – majani ya nyanya. Harufu ile ya kijani, chungu kidogo, haitoki hata usugue. Ndiyo harufu iliyokuwa pembeni yangu Jumapili zote za maisha yetu: marashi juu, nyanya chini yake. Machozi yakanitoka wakati wa wimbo. Mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniinamishia kichwa kwa heshima. Alidhani ni ufufuko.

Nimemkosa sana leo. Basi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua imekwisha kweli. Sasa kila kitu ni kwa ndoo. Nimekata mashina ya viazi vitamu, nimeyapanda upya upande wa choo.

Kila nikishika mashina haya naiona ile miezi ya gare, ya stesheni. Wakati ule tulipofukuzwa mkoa huu, sisi wote wenye asili ya Kasai, tukalala kwenye stesheni ya Likasi chini ya maturubai tukingoja treni. Mimi niliyeandika tiketi za watu miaka yote, nikakosa nafasi ya kuwapandisha wanangu. Michée alikuwa mgongoni kwa mama yake. Wengi walikwenda, wengi walifia njiani. Sisi treni haikutufikia, na mambo yalipopoa kidogo tukarudi nyumbani usiku, kimyakimya. Milango haikuwepo, hata fremu za madirisha. Mwadi hakuingia ndani. Alizunguka nyuma moja kwa moja. Majani ya viazi yalikuwa yametanda bustani yote mpaka ukutani, hakuna aliyeyagusa. Alikaa chini katikati yake na mtoto mgongoni, akaanza kuchuma gizani. Tulikula majani yale bila chumvi. Sijala chakula kingine kama kile.

Jumamosi, 26 Aprili

Mimi mpumbavu. Mzee mzima, mdomo kama mlango usio na komeo.

Michée alikuja na rafiki yake Banza, aliyekuwa naye mgodini. Kijana mwenye adabu, sikatai. Nikamtembeza bustanini – kujionyesha tu. Angalia nyanya, angalia mulenda, angalia boga hili, ila usilionyeshe kwa kidole litaanguka. Na mwisho nikampeleka kwenye kona. Nikasema: na haya ni maua yangu, yamekuja yenyewe.

Banza akayakaribia. Alichuchumaa. Akavunja kichwa kimoja, akakisugua kiganjani, akamwangalia Michée. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari: "Papa, iyi njo maua ya shaba. Kwenye inaota, chini kuko majiwe. Siye bantu ya kuchimba tunaifwataka paka yeye tu."

Nimezaliwa mji huu. Baba yangu ametoa shaba maisha yake yote. Na mimi maua ya shaba siyajui, kwa sababu nilikuwa ofisini napiga mihuri! Mchimbaji yeyote wa Likasi angeyang'oa usiku na kuyachoma, asijue mtu kilicho chini. Mimi nikayapalilia, nikayapa maji, nikaita wageni.

Jumapili, 27 Aprili

Michée hakula mchana. Amezunguka ile kona asubuhi yote na nguo zake za kanisani. Kisha akaja kuniketia karibu, jambo ambalo hafanyi. Akaomba wachimbe kidogo tu, ya kuonja. Hapo kwenye kona. Hapo hata lengalenga haioti, Papa. Nikasema hapana. Nikasema mama yako yuko pale. Akasema mama yuko makaburini, na sisi wote tulimpeleka.

Alisema kweli. Nikamfukuza mbele yangu hata hivyo.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nilipanda vitunguu. Mistari imepinda. Nilipanda kwa hasira, na vitunguu havina kosa. Nimeving'oa, nimevipanda tena.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekubali. Naandika ili nisijidanganye kesho kwamba sikukubali.

Ilikuwa jioni. Sephora alirudi kutoka soko, akaweka bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo mezani, akatoka. Michée aliiangalia sahani kwa muda. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningemshinda, kelele nazijua. Alisema hivi: "Papa, minye niko mwanaume. Na bibi yangu njo anabebaka majani ku kichwa kila siku juu minye nikule. Batoto banaona. Unaniambia niikale tu, nimwangishe nyanya maji?"

Nilitaka kumwambia mimi pia ni mwanaume na namwagilia nyanya. Lakini mimi nimestaafu. Nilivaa shati jeupe kwa wakati wangu, nikaleta mshahara, nikakaa mlangoni na redio, na hakuna aliyeniuliza kitu. Yeye anauliza zamu yake itafika lini. Nilimwona kama alivyokuwa mdogo, alipokuwa akijitahidi kubeba ndoo ya mama yake na kumwaga yote njiani.

Nikasema: chimbeni. Kona tu.

Akanishika mikono yote miwili. Neno la baba halirudishwi, anajua hilo vizuri.

Jumatatu, 5 Mei

Sephora alikuja kuchuma kama kawaida. Tumepeana mgongo. Muda mrefu sauti ya majani tu, tak, tak, anavyovunja. Mimi nilijifanya natafuta viwavi.

Mwisho akauliza kama ni kweli tutachimba. Nikasema kona tu. Akaweka fungu kwenye beseni. Kisha akasema: "Ku Kikula, kwa yaya yangu wa tumbo moja, balianza na shimo ya choo. Balisema paka pale tu. Sasa nyumba yote iko juu ya mashimo, hata kuku hapana kutembea. Balihama."

Nikasema nimeshatoa neno langu. Akasema, "Ndiyo, Papa." Akaendelea kuchuma.

Hakuna aliyemwuliza. Ndilo linalonisumbua usiku huu. Beseni ni lake, soko ni lake, mikono inayochuma ni yake – na Michée hakumwuliza, na mimi sikumwuliza. Mimi ningemwulizaje? Mtu ambaye hatutazamani. Lakini bustanini tunaongea kila siku, tunaongea hata juu ya mvua na bei ya chumvi. Ningeweza kuuliza.

Alhamisi, 8 Mei

Banza alikuja kupima kwa hatua. Nikamwuliza udongo utakaotoka utawekwa wapi. Akaangalia bustani yote, akakuna kichwa, mwenye adabu sana. Nikauliza tena, na mawe yakielekea huku, upande wa nyanya? Akasema hapo wanayafuata, Papa, haiwezekani kuyaacha.

Nilikwenda kumtafuta Michée nimwambie neno langu lilikuwa la kona. Nilimkuta anapigilia mpini kwenye sururu, anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mgodi ufungwe. Nikarudi nikakaa.

Wataanza Jumatatu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekaa bustanini siku nzima na sikufanya kazi. Karibu sikufanya. Nimefunga nyanya kwenye vijiti, kwa nyuzi za kitenge cha zamani cha Mwadi. Anayefunga nyanya zitakazofukiwa na udongo keshokutwa ni mtu wa namna gani? Lakini zilikuwa zimelala chini, na mimi siwezi kupita nyanya imelala chini.

Udongo wa hapa si mzuri, hata wakati wa Mwadi haukuwa. Mwekundu, mzito, unashika viatu. Aliulainisha yeye, kwa maganda, majivu, mavi ya kuku wa mama Josée, miaka mingi, akivunja mabonge kwa mikono jioni huku ananisimulia habari za soko. Nilikuwa nasikia nusu, redio ikiongea nusu nyingine. Leo nilichota udongo ule mkononi, mweusi, mlaini, nikaubana, ukabaki na alama za vidole vyangu. Niliuweka chini taratibu.

Mama Josée aliona. Kwa mara ya kwanza hakunitania. Alisema tu atanikumbuka kwenye maombi, halafu akauliza kama anaweza kuchukua miche ya mulenda kabla ya Jumatatu. Nimempa.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika jikoni, nimesimama. Wako nje wote.

Banza alifika asubuhi na wenzake wawili. Sururu, kamba, magunia. Michée amevaa buti zake za mgodini. Tukazunguka nyumba pamoja, mimi wa mwisho, miguu mitupu – na pale kwenye kona yuko Sephora. Amepiga magoti katikati ya yale maua. Anapanda kabichi. Ile miche niliyodhani ameipeleka kuuza. Beseni la soko liko kando yake, tupu, na saa hiyo angekuwa ameshafika Kikula zamani.

Banza akasimama ghafla, wenzake wakamgonga kwa nyuma. Mwanamke hafiki kwenye shimo, kila mtu hapa anajua. Mwanamke akikanyaga pale, mawe yanakimbia chini zaidi, na shimo linaweza kuwaangukia watu. Hata Michée, mwenye kufunga na kuomba kila Ijumaa, hilo halibishi. Na huyu hakukanyaga tu. Ameingiza mikono mpaka kwenye viwiko.

"Michée," Banza akasema, kwa sauti ndogo, "utoshe bibi yako inje kwanza. Minye hapana kupiga sururu pale eko."

Michée akamwita kwa upole. Kisha akamwita kwa jina lake lote. Sephora hakugeuka. Alijibu tu kwamba anapanda. Akachukua mche mwingine.

Michée alipiga hatua moja, akaacha. Hawezi kumkamata mkewe kwa mkono mbele ya baba yake. Hilo nalo ni heshima yetu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetaka kulia na hajui aanzie wapi. Nilimhurumia sana. Akanigeukia: "Papa, umuambie weye. Weye atakusikia."

Na ni kweli atanisikia. Nikisema neno moja atasimama, atafuta magoti, ataingia ndani na kichwa chini. Hajawahi kunikatalia kitu. Wakanitazama wote – Michée, Banza, wale wawili, mama Josée juu ya ukuta. Neno langu Michée analo tayari, nililitoa mwenyewe, mbele ya sahani.

Sephora alikuwa akishindilia mche kwa vidole gumba, pande mbili, kama alivyokuwa akifanya Mwadi. Bila kugeuka akasema, kwa sauti yetu ya kila asubuhi: "Papa, udongo ya hapa iko yakavu. Itaomba maji."

Nikasema ngojeni kwanza. Nikaingia ndani. Wanadhani nimekuja kuvaa viatu.

Bomba la jikoni leo linatoa maji kidogo, uzi mwembamba. Michée ameniita mara mbili kutoka nje. Sauti yake ya pili ilikuwa ya chini kuliko ya kwanza. Ndoo moja imejaa, nimeiweka mlangoni, na ya pili imefika nusu.